Kupiga Picha za KICC Kipande kwa Kipande: Mwongozo Kamili

Toa mfukoni noti yoyote ya Kenya ya toleo la mwaka 2019, ya shilingi 50 hadi 1,000, na KICC, yaani Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, utaliona hapo. Picha ya jumba zima, kutoka mguuni hadi kileleni na mbingu nyuma yake, kila mtu tayari anayo, na ya kwako haitaongeza mengi. Kilichobaki ni vipande: kingo za orofa, mbavu za zege, mahali mnara unapokalia kitako chake, pembe za ule ukumbi uliochongoka. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku bila kuvitazama, na ndivyo vinavyoeleza jumba lilivyofikiriwa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kurudi nyumbani na picha za namna hiyo, awe na kamera kubwa au simu. Nimelichukua jumba hili kama darasa kwa sababu ni la mviringo, ni la zege, na liko karibu kabisa na ikweta. Mambo hayo matatu yanabadilisha ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni, ulioandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao jua lao halipandi juu ya utosi.

Kwanza: lisome jumba kabla ya kulipiga

Ujenzi ulianza mwaka 1967 na kukamilika 1973. Wasanifu wake ni Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Kilichokusudiwa mwanzoni kilikuwa makao makuu ya chama cha KANU, jengo la orofa chache tu. Mpango ukaendelea kunenepa, na Nairobi ilipopata nafasi ya kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF mnamo Septemba 1973, ikalazimu kuwe na kumbi za kuwatosha wageni wote hao. Matokeo yake ni mnara wa orofa 28, urefu wa mita 105, uliokuwa mrefu kupita majengo yote nchini kwa zaidi ya miaka 20.

Historia hii ina faida kwa mpiga picha. Inakueleza kwa nini unaona maumbo matatu yasiyofanana yamesimama pamoja: mnara wa mviringo, kitako cha mstatili, na ukumbi wenye umbo la koni ambao wengine huuona kama paa la nyumba ya msonge na wengine kama ua lililofumba. Mahali maumbo hayo yanapogusana ndipo picha nyingi nzuri zilipo. Duara likikutana na mstari ulionyooka, msanifu alilazimika kuamua jambo, na uamuzi huo unaonekana kwa macho.

Basi ziara ya kwanza nenda bila kamera, au iache ndani ya begi. Zunguka jumba lote taratibu. Chukua kijitabu, na kila kitu kinachokuvuta kiandike kwa sentensi fupi yenye kitenzi: "mbavu zinapanda na kupotea juu", "kitako kinaning'inia juu ya kivuli chake", "ukuta unapinda na kulimeza jua". Ukishindwa kupata kitenzi, huenda hapo hapana picha. Umependa rangi tu. Orodha ya vitu kumi inatosha kwa kazi ya wiki kadhaa.

Angalia pia zege lenyewe kwa karibu. Rangi yake ni ya udongo wa mfinyanzi, hudhurungi inayoelekea wekundu, na haifanani kote. Mahali maji ya mvua yanapotiririkia pana michirizi. Watu wengi huifuta michirizi hiyo kwenye kompyuta. Mimi naiacha, kwa sababu jumba lina zaidi ya miaka 50 na mvua ni sehemu ya umri wake.

Pili: ruhusa, walinzi na majirani

Hapa ni katikati ya Nairobi, na majirani wa KICC si wadogo: Bunge, Mahakama ya Juu, City Hall, na Harambee House yenye ofisi ya Rais. Kupiga picha jengo ukiwa barabarani kwa simu kwa kawaida hakuleti shida. Kufungua tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, ni jambo jingine. Mlinzi akiiona tu, anakuja.

Ingia kwa lango, salimia, eleza unachofanya kabla hujaulizwa. "Habari ya kazi, mkubwa. Ninapiga picha za jengo, si za watu. Kuna mahali sipaswi kuelekeza kamera?" Swali hilo la mwisho lina kazi kubwa. Linamwonyesha mlinzi kwamba unaitambua kazi yake, na mara nyingi atakuonyesha hata kona usiyoijua. Akikukataza, usibishane, omba akuelekeze ofisini. Kwa picha za biashara, yaani za mteja, tangazo au harusi, nenda ofisini moja kwa moja uombe kibali cha maandishi kabla ya siku yenyewe. Kupanda juu ya paa kutazama mji hulipiwa kiingilio, na malipo ya mtu mwenye kamera ya kazi yanaweza kuwa tofauti na ya mtalii mwenye simu, kwa hiyo uliza getini.

Ukiwa Harambee Avenue, lenzi yako iangalie KICC tu. Usiigeuze upande wa pili wa barabara hata kwa kujaribu fokasi. Droni iache nyumbani: Kenya droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na katikati ya mji kama hapa si mahali pa kujaribu bahati.

Tatu: vifaa, kwa ufupi

Kwa vipande vya jengo lenzi ndefu ina faida kuliko pana. Lenzi ya 70–200 mm itafanya robo tatu ya kazi. Ukiwa mita 100 kutoka mnarani na kamera ya fremu kamili (kihisio chake kina upana wa mm 36), mm 200 inakata upana wa mita 18 hivi za ukuta. Kwa mm 70 unapata mita 51. Hesabu ni rahisi: gawa 36 kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali wako. Itakusaidia kujua pa kusimama kabla hujatembea.

Mwenye simu atumie kamera ya mara 2 au mara 3 kama simu ina lenzi halisi ya hivyo. Epuka ile ya 0.5, inapinda kingo na kufanya mnara uonekane unaanguka kinyumenyume. Epuka pia kuvuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi, maana hapo simu inakisia tu, na zege lililokisiwa hugeuka uji.

Beba kitambaa cha kufutia lenzi, betri ya akiba, na filta ya polaraiza (ya kupunguza mng'ao) ukiwa nayo. Lenzi maalumu za kusogeza picha bila kuinamisha kamera zipo na ni nzuri mno, ila bei yake inanunua pikipiki. Tutafika mahali pale pale kwa njia nyingine.

Nne: jua, na hapa tukae kidogo

Ukichukua jambo moja tu kutoka mwongozo huu, chukua hili: kwenye jengo la zege, kinachoonekana pichani ni kivuli. Ukilitazama kwa mbali, zege lina karibu rangi moja na uso mmoja. Mbavu zinasimama kwa sababu kila ubavu umemwaga kivuli kwa jirani yake. Kivuli kikiondoka, ukuta wote unalala bapa kama karatasi, hata kama kamera yako imekugharimu laki tatu.

Kivuli kizuri kinatoka kwa mwanga wa kuparaza, yaani jua linaloteleza sambamba na ukuta badala ya kuupiga usoni. Swali lako kila mara ni moja: saa ngapi jua litauparaza ukuta huu?

Ushauri wa kawaida unasema usipige picha mchana. Kwa picha za watu sawa, maana jua la utosini huwachimbia macho. Kwa kuta zilizosimama wima karibu na ikweta, ushauri huo una walakini. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na karibu na mwisho wa Septemba jua hupita karibu juu kabisa ya utosi, na saa hiyo linashuka ukutani kutoka juu kama maji. Kila ukingo wa mlalo, kila dirisha lililozama, kila mshono wa zege unamwaga kivuli kirefu kwenda chini. Picha za kingo za orofa za KICC nilizozipenda zaidi ni za mchana, saa ambayo wapiga picha wengi wapo mgahawani.

Kumbuka tu kwamba mchana wa jua si saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nayo Nairobi iko karibu nyuzi 37. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa kama saa sita na nusu, likicheza robo saa mbele au nyuma kwa kutegemea mwezi.

Sasa misimu. Mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, kiasi cha nyuzi 65 kutoka upeo wa macho. Uso wa jumba unaotazama City Hall Way unapata mwanga, na ukingo uliotokeza sentimita 30 unamwaga kivuli cha zaidi ya sentimita 60 chini yake. Uso wa Harambee Avenue unabaki kivulini. Desemba mambo yanageuka: jua liko kusini, karibu nyuzi 68, na ni zamu ya upande wa Harambee Avenue. Anayekwenda mara moja tu akaona upande mmoja umekufa, asiseme jumba ni baya. Arudi baada ya miezi sita.

Kalenda ina mtego wake, lakini. Juni na Julai, ambapo upande wa kaskazini ungepata jua, ndipo Nairobi hufunikwa na mawingu ya baridi siku nzima. Ndiyo maana kwa upande huo ninapendelea mwisho wa Agosti na Septemba: mawingu yameanza kufunguka, jua bado limeegemea kaskazini kidogo na liko juu sana, na kuparaza kwake ni kukali. Januari na Februari, kipindi cha anga safi, ni za upande wa kusini. Machi jua liko pazuri, ila mvua za masika zinaweza kuanza wakati wowote, basi shika saa unayoipata.

Hayo yote ni kwa kingo za mlalo. Mbavu za wima zinataka kinyume chake: jua la chini, la pembeni, la asubuhi au la jioni. Na hapa umbo la mnara linakupa zawadi ambayo jengo la mraba halitoi. Jengo la mraba likipigwa na jua, ukuta mmoja wote unang'aa na wa pili wote ni giza. Mnara wa mviringo unageuka polepole kutoka mwangani kwenda kivulini, na kati yake daima kuna ukanda mwembamba ambao jua linauparaza. Ukanda huo haukosekani saa yoyote jua likiwaka. Unatembea tu kulizunguka jumba pamoja na siku.

Utautambua hivi. Tazama mnara kuanzia upande unaong'aa na peleka jicho polepole kwenye giza. Mwanzoni mbavu hazionekani vizuri kwa sababu zimepigwa usoni. Zaidi kidogo zinaanza kupata mstari mweusi pembeni. Halafu panafika mahali kila ubavu una nusu nyeupe na nusu nyeusi, na mbele ya hapo vyote vinazama kivulini. Elekeza lenzi ndefu pale pa nusu kwa nusu, jaza fremu, na usitie mbingu.

Siku ya mawingu usirudi nyumbani. Mwanga laini huua mbavu, lakini unafaa kwa rangi ya zege, kwa ukumbi wa koni, ambao jua kali huuchana vipande viwili visivyoshikika katika picha moja, na kwa kona zenye giza chini ya kitako. Kata mbingu nje ya fremu. Mbingu nyeupe inavuta jicho na haina la kusema. Mvua ikinyesha na kuacha, kimbia. Zege lililolowa hukolea rangi, na madimbwi ya uani yanakupa mnara wa pili uliopinduka. Shusha kamera mpaka sentimita chache juu ya maji.

Tano: simama wapi

Ukisimama mita 105 kutoka mnara wa mita 105, kilele chake unakitazama kwa nyuzi 45. Kutoka hapo kila picha ya orofa za juu itakuwa ya chini ya kidevu. Ukirudi hadi mita 200, pembe inashuka hadi kama 28, na mistari inaanza kutulia. Kwa hiyo vipande vya juu vipige kutoka mbali kwa lenzi ndefu, na vya chini kutoka karibu.

Uhuru Park, magharibi mwa jumba, ni mahali pazuri pa kupata kile kilele kilichopanuka kama sahani. Nenda jioni, jua likiwa nyuma yako. Asubuhi upande huo utaona umbo jeusi tu. Ukipata ruhusa kwenye paa au sakafu ya juu ya jengo la jirani, hapo unautazama mnara uso kwa uso, na mistari ya wima inabaki wima bila kuhangaika.

Uani, pale penye sanamu ya shaba ya Mzee Kenyatta ameketi, iliyochongwa na Mwingereza James Butler na kuwekwa mwaka 1973, kishawishi ni kumweka Mzee mbele na mnara nyuma. Picha hiyo imepigwa hadi imechakaa. Jaribu kinyume: mkono wake na kirungu katika fokasi, mbavu za mnara nyuma zikiwa mistari laini isiyo na fokasi kamili. Lenzi ya mm 135 au zaidi, f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), usogee karibu.

Na kuna kusimama mguuni pa mnara ukitazama juu moja kwa moja. Hii ndiyo nafasi pekee ninayoruhusu lenzi pana. Lala chali ikibidi, kitovu cha duara kiwe katikati kabisa au kiwe pembeni kabisa. Kikiikosa katikati kidogo tu, inaonekana ulikosea.

Sita: mipangilio ya kamera

Kwa ukuta uliopigwa na jua kamili, anza na ISO 100 (wepesi wa kihisio kwa mwanga), f/8, shata 1/400 (muda wa kufunguka, kwa sekunde). Kwenye f/8 ndipo lenzi nyingi huwa kali zaidi, na kasi inatosha kushika kwa mkono hata kwa mm 200. Kufunga lenzi hadi f/16 au f/22 kwa kutafuta ukali zaidi huleta kinyume. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika na picha inalegea. Jengo liko mbali, na kwa f/8 kina cha fokasi kinatosha.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Zege lina mabadiliko madogo sana ya rangi na mwanga, na JPEG huyabana. Simu nyingi za siku hizi nazo zina RAW, ndani ya menyu ya hali ya kitaalamu.

Kitufe cha +/-, cha kupandisha na kushusha mwangaza, kitumie hivi. Fremu ikijaa ukuta unaong'aa, shusha theluthi moja au mbili ili nyuso za juu za mbavu zisiungue. Fremu ikiwa na mbingu nyingi nyeupe, kamera itadanganyika na kulifanya jumba jeusi, kwa hiyo pandisha hadi +1. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie sehemu yenye mwanga zaidi ya ukuta mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, halafu telezesha kidole chini kidogo. Kivuli chenye giza kinaweza kuinuliwa baadaye. Zege lililoungua jeupe halirudi.

Mizani ya rangi weka kwenye jua, karibu 5,200–5,500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na uache hapo. Ukiiacha kamera ijiamulie, itaona ukuta wote ni wekundu, itadhani taa ndiyo nyekundu, na itauvua jumba rangi yake. Nimeona picha nyingi za KICC lenye rangi ya kijivu, na kosa ni hilo tu.

Filta ya polaraiza ina nguvu zaidi ukipiga kwa pembe ya mraba na jua. Itakolesha buluu ya mbingu na kupunguza mng'ao wa vioo. Usiizungushe mpaka mwisho kwa mazoea. Vioo vya jengo vikipoteza mng'ao wote hugeuka mashimo. Mara nyingi nusu inatosha.

Bila tripodi, egemea nguzo, bana viwiko mbavuni, na piga picha tatu mfululizo. Ya katikati huwa kali zaidi. Au weka kamera juu ya ukuta mfupi na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Saba: kupanga fremu

Jambo la kwanza ni mistari ya wima. Kamera ikiinuliwa, mnara unalala nyuma. Una njia mbili za heshima. Moja ni kushika kamera sawa kabisa, ukitumia gridi au kipima usawa kwenye skrini, ukakubali nusu ya chini ya fremu iwe ya ziada, kisha uikate baadaye. Ya pili ni kuinamisha kwa nguvu na kwa makusudi, ili msomaji aone ulitaka hivyo. Kati ya hizo mbili ni uzembe, na hata jicho la mtu asiyejua upigaji picha huutambua.

Kisha amua kama kipande chako ni ruwaza au ni tukio. Ruwaza ni mbavu au madirisha yanayojirudia, na hujaza fremu ukingo hadi ukingo; hakikisha mistari inatoka nje ya fremu kwa namna ileile kila upande, isikatwe nusu huku na robo kule. Tukio ni mahali ruwaza inapovunjika: dirisha moja lililofunguliwa, pazia lililoning'inia, kipanga aliyetua ukingoni, mfanyakazi anayefuta kioo. Ukipata ruwaza safi, ipige, kisha usiondoke. Subiri tukio.

Mtu mmoja mdogo chini ya ukuta mkubwa huonyesha kipimo cha jumba vizuri kuliko maelezo. Asiwe na uso unaotambulika, na akigundua unampiga, mwonyeshe picha. Akisema futa, futa mbele yake.

Kwenye ukumbi wa koni tafuta mishono, mahali uso mmoja unapogeuka kuwa mwingine. Weka mshono huo ugawe fremu, upande mmoja mwanga na mwingine kivuli, na mnara uwe ukanda mwembamba nyuma au usiwepo kabisa. Ni picha ya maumbo matupu na inataka fremu iliyofyekwa: nguzo ya taa, bendera, waya, vyote nje.

Nane: jioni, na ndani

Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima. Machweo ya ikweta ni mafupi. Ule wakati mbingu ni buluu nzito na taa za jengo zimewaka unadumu kama dakika 15 tu, kuanzia karibu dakika 10 baada ya kuzama. Fika mapema, panga fremu kukiwa bado na mwanga, na usihame. Ukiwa na ruhusa ya tripodi: ISO 100, f/8, sekunde 2 hadi 8, mizani ya rangi karibu 4,000 K. Kwa simu tumia hali ya usiku, simu ikiwa imeegemezwa kwa kitu.

Usiende peke yako giza likiingia, na usibadilishe lenzi barabarani. Mkanda wa kamera upite begani na kifuani, si shingoni tu. Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa, mgeni aelezwe.

Ndani, tatizo la kawaida ni taa za LED kuacha mistari myeusi kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka shata 1/50 au 1/100 na mistari itatoweka. Kwenye chumba chenye dirisha kali piga picha tatu za mwangaza tofauti, −2, 0 na +2, uziunganishe baadaye. Tazama ngazi, dari, vishikio vya milango na viungo vya sakafu. Ukumbi ukiwa na mkutano, usiingie na kamera bila kumwona mwenye mkutano.

Tisa: kuhariri

Kama huna kompyuta, programu ya bure ya Snapseed kwenye simu inatosha. Mwenye Lightroom atafuata mpangilio uleule.

Nyoosha mistari ya wima kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu itakukata kingo za picha na kubadilisha fremu. Usinyooshe mpaka mwisho kwa picha iliyopigwa kutoka chini sana. Mnara ukiwa wima kamili ilhali tunaona chini ya kingo zake, unaonekana umepanuka kichwani. Acha uegemee nyuma kidogo. Kisha kata fremu. Kisha shusha nyuso zenye mwanga, inua vivuli kidogo tu. Ninasema kidogo kwa sababu umesubiri saa nzima kivuli hicho kipatikane, na sasa kitelezo kimoja kinaweza kukifuta.

Kitelezo cha kukoleza umbile kinavutia sana kwenye zege. Kipandishe mpaka upende, halafu kirudishe nusu.

Nyeusi na nyeupe hulifaa KICC kuliko majengo mengi ya vioo, na rangi ya ukuta ndiyo sababu. Ukigeuza picha, pandisha chungwa na nyekundu, shusha buluu: ukuta utang'aa na mbingu itakaribia weusi, bila kugusa kingine. Kwa picha za mbavu karibu zote ninaishia huko. Kwa koni ninabaki na rangi.

Mwisho, kuza hadi asilimia 100 upite pembe zote nne ukitafuta vumbi la kihisio mbinguni na nukta za ndege.

Kumi: kuchagua na kupanga

Zipange picha mezani au kwenye skrini zikiwa ndogo kama stempu. Zile zinazosomeka zikiwa ndogo hivyo zina umbo. Nyingine zina maelezo tu. Chagua saba hadi tisa. Ziwe na umbali tofauti: mbili za mbali, nne za kati, zilizobaki za karibu sana. Picha mbili zikisema jambo moja, toa moja, na kwa kawaida inayopaswa kutoka ni ile uliyohangaika sana kuipata, maana unaipenda kwa jasho lako, na mtazamaji hakuliona jasho hilo.

Chini ya kila picha andika kipande ni kipi, upande gani wa jumba, mwezi na saa. Majina ya Nøstvik na Mutiso yaandike yote mawili. Wa pili huachwa mara nyingi mno. Faili asili za RAW zihifadhi mahali pawili, na orodha yako ya vitenzi iweke pamoja nazo, ukitia alama kwenye vile ambavyo bado vinasubiri jua la upande wa pili wa mwaka.